Mgeni Aliyerudisha Kata

"Gudu!"

Sungura aliinua sikio moja. Lilikuwa koo, tena koo kubwa, likimeza maji gizani. Kisha kimya. Mwaka huo mvua ilikuwa imesusa, na msitu mzima uliishi kwa kisima kimoja, kila mnyama kata moja kwa siku.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Fisi, mlinzi wa kisima, ndiye aliyetangulia kupiga kelele. "Mwizi ni yule mgeni! Mchana hagusi maji. Sasa anaishije? Anakunywa usiku!"

Mgeni alikuwa juu ya mkaratusi: wa kijivu, mnene, masikio ya duara, pua nyeusi kama kipande cha mkaa. Alikuwa akitafuna majani taratibu.

"Afukuzwe," Simba alinguruma. "Aende nyikani!"

Sungura alishtuka. Nyikani hakuna mikaratusi, na mgeni hali kitu kingine, angekufa njaa. "Bwana Mkubwa, tutamhukumuje mtu ambaye hata jina hatumjui?"

Hapo Simba alikwama. Desturi ya msitu ilikuwa hiyo: mgeni haulizwi jina mpaka anywe maji ya wenyeji. Na huyu, mwezi mzima, kila akiletewa kata aliirudisha. "Ahsanteni, nimeshiba."

"Basi tumwekee kata hapa chini," Sungura alisema. "Kiu ikimbana, atashuka. Mzee Fisi amlinde, sisi tukalale."

"Mimi tena?" Fisi alijilamba midomo. "Haya, kwa ajili yenu."

Jua lilipofika utosini, wanyama walijilaza vichakani, macho yamefumbwa, masikio wazi. Mgeni alitafuna, akapiga miayo, akasinzia.

"Gudu!"

Sungura aliruka. "Ndiyo hiyo! Sauti ya usiku!"

Kata ilikuwa tupu. Ndevu za Fisi zilikuwa zikidondosha maji.

"Nilikuwa naonja tu," Fisi alisema, "yasije yakawa machungu, mgeni wetu akadhurika."

"Kumbe una huruma hivyo!" Kobe aliangua kicheko.

Simba hakucheka. Alimvua Fisi ulinzi, akamkabidhi jembe achimbe kisima cha pili, peke yake, mpaka maji yaonekane. Kisha akakohoa kidogo, maana kuomba radhi kwake ilikuwa kazi nzito.

"Mgeni, utuwie radhi. Leo desturi tunaiweka kando. Jina lako nani?"

Mgeni alifumbua jicho moja. "Afadhali mmeuliza! Maji yangu nayapata humu humu majanini. Na huko kwetu, asiyekunywa maji huitwa Koala."