Kwa Nini Vyura Hunyamaza Wakisikia Nyayo

"Na vyura, nani kawauliza?"

Swali hilo liliulizwa na msichana aitwaye Mboni, mbele ya wanaume saba waliokuwa wakisuka uzio wa matete uani kwa baba yake. Mmoja alicheka. Mwingine akaomba maji ya kunywa. Shangazi yangu Nasemba, aliyenisimulia habari hii tukisugua mitungi kwa mchanga kule kwetu milimani, kila alipofika hapo alitulia kidogo, kana kwamba bado anawapa wale wanaume nafasi ya kujibu. Nami nakusimulia wewe, Bupe, kwa sababu ya lile sanduku la kioo uliloliweka juu ya meza chumbani kwetu hapa bwenini. Tutafika huko.

Zamani hizo vyura hawakujua kunyamaza. Leo ukikaribia kijito, kelele hukatika ghafla kama mtu kafunga mlango. Wakati ule ilikuwa kinyume chake: wakisikia nyayo ndipo walipozidisha. Kila nyumba ilikuwa na mtungi wake juu ya mafiga matatu nyuma ya mlango wa jikoni, na maji yaliyopenya kwenye udongo yalidondoka tone tone hadi pakawa na doa jeusi, baridi, lisilokauka mwaka mzima. Hapo ndipo chura alipoishi. Hakufungwa kamba wala kutiwa tunduni. Alipewa kivuli na matone, basi. Wanawake wakirudi kutoka chemchemi, maji yakicheza vichwani, vyura waliwasikia tangu njiani na kuwapokea kwa vifijo.

Wanyama wengine nao walikaa uani, kila mmoja mahali alipopapenda. Mjusi alikaa juu kwenye boriti, karibu na joto la moshi. Kinyonga alikuwa kwenye matawi makavu ya ua. Kobe aliota jua kando ya ghala, na hata kenge alivumiliwa kule kwenye jaa kwa sababu alikula panya. Hakuna aliyewapangia. Watu wa enzi hizo walikuwa na akili ya kuangalia kwanza, jambo ambalo leo tunalisomea chuoni miaka mitatu na bado wengine wanatoka mikono mitupu.

Palikuwa na desturi moja. Bibi harusi akitoka kwao alibeba chungu kidogo chenye majani mabichi, maji ya chemchemi ya mama yake, na vyura wa mtungi wa mama yake. Akifika ugenini aliwaweka chini ya mtungi mpya. Asubuhi ya kwanza, akirudi na maji katika ua asimomjua mtu, alipokewa na sauti ya kwao. Shangazi alisema wanawake wa zamani hawakulia sana ugenini, kwa kuwa kwao walikuwa wamekuja nako.

Mama yake Mboni alikuwa amefariki. Aliacha kanga mbili, kata ya kuchotea maji, na vyura watatu chini ya mtungi. Mboni naye alikuwa ameposwa, aolewe baada ya mavuno. Kanga zilikuwa zimechakaa na kata ilikuwa na ufa. Alichokuwa akikitegemea ni wale watatu.

Sasa baba yake, Mzee Shekigenda, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa. Aliona wageni wa harusi watakuja kutoka mbali, naye akataka waone mali yake yote kwa mtazamo mmoja: kobe, kinyonga, mjusi, kenge na vyura, wote ndani ya uzio mmoja katikati ya uwanja, pasipo na mti. Siku uzio ulipokaribia kumalizika, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akainama, akawachukua vyura watatu wa marehemu mkewe ndani ya kofia yake.

Ndipo Mboni akauliza swali lile. Baba akaona heri atoe hoja. "Mwanangu, hawa wote ni ndugu. Wote wana miguu minne, wote hawana manyoya, wote hutaga mayai. Nitawapa jua sawa, maji sawa, chakula sawa. Kuna haki gani zaidi ya hiyo?"

"Basi baba," akasema Mboni, "wewe na beberu wote mna ndevu. Leo ukalale zizini."

Wanaume walicheka hadi matete yakawaponyoka. Lakini kucheka si kujibu, na uzio ulibaki. Hapa hasira hunipanda, Bupe, hata kama ni mambo ya kale. Haki gani hiyo ya kumpa kila mtu kitu kimoja bila kutazama ngozi yake?

Siku ya kwanza Shekigenda aliacha jua liwake, kobe akastarehe, vyura wakaanza kukauka migongo. Siku ya pili akamwaga maji mitungi sita, vyura wakapumua, mjusi akajikunyata kwa baridi na kobe akaanza kutoa makamasi. Siku ya tatu jua, siku ya nne maji. Hakuna aliyepona, na kila mmoja aliteswa kwa zamu. Vyura waliposikia nyayo za mzee walidhani ni wanawake wamekuja na maji, wakaimba kwa nguvu zao zote. Naye akasimama pale, mikono kiunoni, akimwambia kila anayepita, "Wasikie wanavyoshukuru!"

Aliyewasikia vizuri ni kenge. Alifuata sauti ya kwanza, akaimeza. Kesho yake Shekigenda akaja tena, wakaimba wawili, kenge akafuata ya pili. Yule wa tatu alikuwa jike mdogo mwenye mstari mweupe mgongoni. Alisikia nyayo zikija kwa mara nyingine, akafunga koo.

Asubuhi ya harusi wageni walizunguka uzio. Shekigenda akapiga makofi, akapiga mluzi, akatembea huku na huko akikanyaga kwa kishindo. Kimya. "Jana waliimba," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Mboni akapita katikati ya wageni, na nguo zake za harusi mwilini, akapiga magoti vumbini. Hakuita. Aliketi tu, akangoja, jua likapanda, mashangazi wakaguna kwamba msafara unachelewa. Ndipo chini ya kigae cha kunyweshea kobe ikatoka sauti moja, nyembamba, kama ya mtu anayeuliza kama ni salama.

Alimtoa akiwa amegandwa na vumbi. Akang'oa matete upande mmoja, na hakuna aliyemzuia, hata baba yake. Kobe akaelekea kwenye nyasi kavu, mjusi akapanda ukutani, kinyonga akarudi kwenye matawi yake, kenge akaenda zake mtoni. Mboni akamtia chura chunguni, akateremka nacho hadi chemchemi ya mama yake, akakiinamisha. Chura akaingia majini bila kugeuka nyuma. Mboni alifika kwa mumewe na chungu kitupu. Shangazi alisema asubuhi ya kwanza alirudi na maji, akasimama uani, akasikiliza, kisha akatua mtungi.

Na tangu siku hiyo mjusi hukaa juu kwenye joto, kobe hukaa pakavu, na vyura, kama yule mwenye mstari alivyowaeleza wenzake, hunyamaza wakisikia nyayo. Lakini ukiketi ukangoja bila kusema, huanza tena, kwa kuwa wanamkumbuka yule aliyengoja. Mimi na shangazi tulikuwa tukingoja hivyo kila jioni. Siku hizi kule kwetu maji ni ya bomba, na mtungi wa shangazi umepandwa maua.

Sasa, Bupe, ndani ya kioo chako kuna mjusi wa madoa uliyemnunua, kobe mdogo, taa ya kuwapasha joto, na vyura wawili uliowaokota kwenye mfereji wa nyuma ya bweni. Unasema wamenyamaza kwa sababu wamezoea. Mjusi na kobe ni wako, wabaki na taa yao. Hao vyura wawili naomba unipe kesho asubuhi, niwarudishe mferejini.