Wauguzi Walioikimbia Semina

Kuku hafunzwi kutaga, hupewa kiota. Mmeisikia asubuhi mkacheka, na sasa mnaniuliza kuku ameingiaje kwenye mambo ya kazi za serikali. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani, katika kituo kimoja cha afya ambacho jina lake tuliache, alikuja mganga mfawidhi mpya, yaani mkuu wa kituo, Dokta Ambakisye. Alikuwa kijana mwenye bidii na roho safi, ila kichwa kigumu kidogo. Hajamaliza hata kufungua masanduku yake, ikaja nafasi ya mafunzo mjini: namna ya kumwokoa mtoto anayezaliwa bila kupumua. Akawaita wauguzi, akauliza nani aende.

Mmoja akashika shavu, eti jino linamuuma. Wa pili akasema ana msiba wa shangazi, na shangazi mwenyewe kijiji kizima kilikwisha kumzika mwaka uliopita. Ambakisye akashangaa. Alikotoka, watu walinuniana kwa kugombea semina, hawa wanaikimbia? Mwishowe aliyeinua mkono ni Sista Tumpale, mkunga pekee wa kituo, naye aliuinua kama mtu anayekiri kosa.

Jambo hilo lilimsumbua Ambakisye hata chakula hakikupita. Akaona dawa ni moja: hawa hawana moyo wa kazi, basi wafunzwe moyo wa kazi. Akaomba mwezeshaji kutoka wilayani. Ukumbi haukuwepo, kwa hiyo akatoa vitanda katika nyumba waliyopumzikia wauguzi, akapanga mabenchi. Wauguzi wakasikiliza, wakapiga makofi, wakaitikia kaulimbiu kwa sauti. Wiki iliyofuata wawili wakaomba uhamisho.

Akazidi kuchanganyikiwa. Makofi yale yalikuwa ya nini, basi? Akaitisha semina nyingine, na muuguzi mmoja akaangua kilio katikati ya somo, asiseme kwa nini. Maskini Ambakisye! Alikuwa anajaza maji kwenye mtungi uliotoboka na kuulaumu mto.

Kisha Tumpale naye akaomba kuondoka. Hapo mganga akaogopa kweli. Tumpale akienda, leba inafungwa, na wajawazito watavushwa milima kwa machela. Akamfuata nyuma ya leba, akamkuta ameketi chini, ameegemea ukuta, macho mekundu.

“Sista, nimekukosea nini? Hata mafunzo ya mjini nimekupa wewe.”

“Ndiyo hayo yanayonifukuza, Dokta.”

“Sikuelewi.”

“Hapa desturi ni moja, aliyesomea ndiye afanye. Nilisomea kushona, kila mshono naitwa mimi. Nikasomea watoto wachanga, kila mtoto naitwa mimi, iwe zamu yangu au isiwe. Wenzangu si wavivu. Wameona tu kwamba hapa kufunzwa ni adhabu.”

“Mbona wewe ulikubali?”

“Watoto walikuwa wanakufa, Dokta. Ningefanyaje? Lakini juzi nimesinzia nikiwa nimempakata mtoto wa watu. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Ila sasa najiogopa.”

Ambakisye akasema kwa moyo wake wote, “Basi nikutafutie kozi ya kuhimili uchovu?”

Tumpale akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko. “Dokta, nyumbani kwenu mnafuga kuku?”

“Tunafuga.”

“Nani aliwafunza kutaga?”

“Kuku? Hakuna anayewafunza. Mama huwawekea kiota tu.”

“Na asiyewekewa?”

“Huyo huenda kutaga kwa jirani,” akajibu upesi. Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Akageuka, akaitazama ile nyumba iliyojaa mabenchi.

Akaenda kuyatoa mabenchi, akarudisha kitanda, akatandika shuka kwa mikono yake. “Kalale,” akamwambia Tumpale. “Leba leo ni yangu. Kuanzia kesho anayefunzwa atawafunza wenzake, na zamu zitakuwa za wote. Ukiamka bado unataka kuondoka, nitakuidhinishia.”

Mchana ule mama mmoja akajifungua. Ambakisye alitamani sana kutuma mtu akamwamshe mkunga. Hakutuma. Mtoto akalia, mganga naye nusura alie.

Jioni Tumpale akaingia leba, uso umenawiri, akafunga aproni yake. Ambakisye alimtazama asijue aulize vipi lile la kuondoka.

“Toka, Dokta, ukapumzike,” Tumpale akasema. “Sasa ni zamu yangu.”

Wanawake waliokuwa wamekaa na wagonjwa wao upande wa pili wa ukuta ule wa leba waliyasikia yote, na midomo ya wanawake wa kwetu haina kufuli. Ndiyo maana hata leo, mkubwa wa kazi akilalamika kwamba watu wake amewasomesha lakini hawatulii, wazee humwambia taratibu: kuku hafunzwi kutaga, hupewa kiota.