Jina la Kutangulizwa Mimbarini

Inasimuliwa kwamba mji wa Rasifa uliasisiwa na waja wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu wote: Mundhiri, hakimu mkali ambaye hata mwanawe hakusalimika na fimbo yake, na Labidi, mpole wa watu, ambaye katika uhai wake hakuna mgeni aliyelala njaa mjini humo. Kila Ijumaa khatibu Hudhaifa aliwaombea dua, na sikuzote alianza na Labidi.

Ukoo wa Mundhiri ulivumilia miaka kumi, kisha ukachoka. Ijumaa moja wakaja msikitini na majambia viunoni, na wa ukoo wa Labidi, pamoja na upole wote wa mzee wao, nao hawakuja mikono mitupu. Khatibu alipopanda mimbari, kabla hajaanza khutba, Amiri Shuraihi, mwana wa Mundhiri, akasimama.

"Ewe Shekhe, baba yangu alikukosea nini?"

 Hudhaifa alikuwa na jawabu la kumwokoa, tena la kweli, lakini alijua kuwa ni nusu tu ya kweli.

"Baba yako mwenyewe, katika maradhi ya mauti, aliniusia nimtangulize Labidi. Alisema, 'Mimi niliogopwa, yeye alipendwa, na mji haukai kwa hofu.'"

Watu wa Labidi wakapiga takbiri. Maskini khatibu, angeweza kuishia hapo! Akainua mkono.

"Ngojeni. Labidi naye aliniusia nimtangulize Mundhiri. Alisema, 'Nilipendwa kwa kuwa mwenzangu alikubali kuchukiwa. Kila neno zito, alilisema yeye.' Wasia huu nimeuficha, kwa sababu ujanani nilitoa ushahidi wa uongo, Mundhiri akanicharaza viboko sokoni, nami sikumsamehe. Nimeihini amana juu ya mimbari. Nipokonyeni fimbo hii ya khutba."

 Shuraihi akaipokea ile fimbo, machozi yakimtoka, kisha akamrudishia.

"Baba yangu angekucharaza tena, Shekhe, na Labidi angekuombea msamaha. Mimi wamenilea wote wawili. Tusomee khutba."

Siku hiyo dua ilianza na nani, wasimulizi wamehitilafiana. Wanachoafikiana ni kwamba hakuna jambia lililochomolewa.

Ndugu yangu, ukimsifu mmoja wa waasisi wako na kumnyamazia mwenzake, uchunguze moyo wako. Huenda hayo si mapenzi, bali ni makovu ya viboko ulivyostahili.