Farasi Watatu na Amri ya Sultani Makame

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa upepo usio na mlango.
Basi tulieni. Nawe uliye nyuma, ukitaka kucheka, subiri nimalize.

Zamani, katika mji wa mawe, palikuwa na saisi, mtunza farasi, jina lake Mashavu. Aliwatunza farasi watatu wa Sultani Makame: Ukungu, Shaba na Nili. Aliwajua kwa pumzi zao. Akiwasugua, macho humlegea, akajiona yumo ndani ya usingizi wao, anakimbia pasipo na ardhi.

Siku moja, saa nane mchana, mbingu iligeuka rangi ya maji ya bizari. Ndege wakanyamaza. Majani yakanyamaza. Hata inzi wakanyamaza. Sultani akachungulia dirishani, akaamuru: "Farasi wangu, wafunge." Akarudi ndani. Na sheria ya mji ule mnaijua? Hamuijui, nawaambia: afunguaye farasi wa Sultani bila ruhusa hukatwa mkono.

Mashavu akakaza fundo la kwanza bandani, la pili, la tatu. Vumbi likamdondokea. Boriti zililiwa na mchwa, na mwaka mzima alikuwa akisema, wakubwa wakimwitikia ndiyo, ndiyo, kisha wanakwenda kula. Sasa boriti ikalia kama mtu anayeota.

Akafungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. La tatu likagoma, akalivuta hadi likamchuna kiganja.

Akawapeleka uwandani, pasipo mti wala ukuta. Mvua ikaja imelala ubavu. Farasi wakaupa upepo mgongo, vichwa chini, wakashikamana kama jiwe moja linalopumua. Mashavu akajibana katikati yao. Hakujua kama yu macho. Aliona nyasi zikienda kama maji. Aliona uwanda ukielea. Akaliona banda, kule mbali, likikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Jua liliporudi, Sultani akaja mwenyewe, viatu vimejaa tope, akauliza nani amewafungua. Waziri Nyange, aliyempenda Mashavu kama mwanawe, akadakia:

"Bwana wangu, ulisema wafunge. Huyu alidhani ni saumu. Na kweli wamefunga, hawajatia kitu kinywani."

Watu wakaguna. Shaba, mwehu yule, alikuwa anatafuna, midomo kijani kibichi.

Angenyamaza tu, jamani, angepona.

"La, mwinyi," akasema Mashavu. "Nilikuelewa. Ulisema kamba. Nimekuasi makusudi."

"Na sheria waijua?"

"Naijua. Lakini nikilipokea neno la waziri, utadhani amri yako ilikuwa sawa, kosa ni la masikio yangu. Tufani ijayo utawafunga tena. Na utawaua."

Waziri akatazama vidole vyake. Sultani akatazama kifusi, na ncha tatu za kamba zilizochomoza chini ya mawe. Akadai mkono. Mashavu akautoa, damu bado yatiririka. Sultani akachana kilemba chake, akalifunga jeraha polepole, kama mtu ambaye hajawahi kufunga kitu.

Kisha akaagiza mbiu ya mgambo ilie: mbingu ikigeuka rangi, asiulizwe Sultani, aulizwe Mashavu.

Ngano yangu imekwenda malishoni. Mkiipenda, ifuateni. Msipoipenda, iacheni ile nyasi.