Kwa Nini Watu Husukutua Kabla ya Kusalimiana

Enzi ambazo viungo vya mwili vilikuwa vikisemeshwa na kujibu, kinywa cha mtu hakikuwa na harufu asubuhi. Alikuwapo Mate, mfagiaji wa kinywa, aliyefanya kazi mchana na usiku. Ule vitunguu, utafune tumbaku, ulale umeachama kama chungu kisicho na kifuniko, alfajiri ikifika Mate alikuwa keshafagia kila kitu. Watu walisalimiana pua kwa pua mara tu walipotoka kitandani, na hakuna aliyejua mwenzake amekula nini jana.

Kisha ukame ukaingia katika kijiji kimoja cha bondeni. Mto ulipoanza kukatika, watu walivua kambare wote waliobaki kwenye madimbwi, wakawabanika, wakawaweka katika ghala moja la wote. Walikubaliana samaki hao wasiguswe mpaka mvua irudi, ili wapate nguvu za kulima. Ghala lilikabidhiwa kwa Mzee Shekiondo, mtu wa sauti ya chini ambaye kila mtu alimwamkia kwa heshima.

Kambare wakaanza kupungua. Hapo ndipo kijiji kilipoharibika. Wanawake waliacha kuombana kaa la moto, maana anayekuja kuomba moto huenda anakuja kuchungulia chungu. Mtoto akilamba vidole, aliulizwa analamba nini. Sikuzani, mke wa Mhando na mama wa watoto wadogo, alipika mlango umefungwa, ingawa hakuwa na cha kuficha zaidi ya uji mwepesi. Moshi ulimuumiza macho, lakini aliuvumilia kuliko kuvumilia macho ya jirani.

Shekiondo akamwendea Mate. "Umechoka, ndugu yangu," alimwambia. "Lala usiku kama wengine. Mwizi ataamka na harufu ya samaki mdomoni, nasi tutamjua."

Mate hakuhitaji kubembelezwa. Tangu aumbwe hakuwahi kulala. "Nitalala," alisema, "ila nikishaujua usingizi, msije kuniambia nirudi kazini usiku."

Kesho yake asubuhi watu walipangwa uwanjani, wakaambiwa Mate amelala usiku kucha, Shekiondo akapita akiwanusa. Walitarajia mdomo mmoja utanuka. Ilinuka yote. Mla vitunguu alinuka vitunguu vilivyochacha. Mtafuna tumbaku alinuka kama jivu lililonyeshewa. Wanaokoroma, waliolala midomo wazi, walikuwa wamekauka ulimi na harufu yao ilitangulia kabla hawajasema neno. Kila mtu alimtazama mwenzake, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba mwizi ni huyo wa pembeni.

Alipofika kwa Sikuzani, Shekiondo alirudi nyuma.

"Huyu kazidi wote," alisema.

Sikuzani hakuelewa. Jana kutwa hakutia kitu tumboni. Uji ulikuwa haba, akawagawia watoto, akajifunga kanga tumboni akalala. Alisema hivyo mbele ya watu, wakacheka.

"Aliyelala njaa anuke kuliko aliyekula?" jirani yake aliuliza. "Tumbo tupu linanuka nini, dada?"

Hukumu ilitoka palepale. Sikuzani arudi kwao siku hiyohiyo, watoto wabaki kwa baba yao. Mhando aliinamisha kichwa, hakumtetea. Naye alikuwa ameshaanza kujiuliza kwa nini mkewe hupika mlango umefungwa.

Aliyesogea mbele alikuwa mama mkwe, Bi Mwanashamba. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alimshuku Sikuzani tangu siku ya harusi, lakini alimshuku kila mtu, bila upendeleo. Akamshika mkwewe taya.

"Fungua." Akanusa. "Hapa hakuna samaki. Hapa pananuka kama chungu kilichoachwa motoni bila maji."

Akaagiza uji na kata ya maji. Sikuzani akanywa uji, akanywa maji, akasukutua. Harufu ikapungua watu wakiona.

"Hii ni njaa," Bi Mwanashamba alisema. Kisha akamgeukia mlinzi wa ghala. "Na wewe nani amekunusa?"

"Mimi ndiye ninayenusa, shemeji."

"Ndiyo maana nauliza. Achama."

Shekiondo aliachama taratibu. Kinywa chake kilinukia mchaichai. Baadhi ya watu walishusha pumzi. Angalau mzee wao alikuwa safi. Lakini Sikuzani, ambaye watoto wake walikuwa tayari wameshikwa mikono na shangazi zao, hakushusha pumzi.

"Mate amelala kwetu sote," alisema. "Hata mtoto mchanga ameamka na harufu yake. Wewe umeamkaje hivyo, babu? Ulikuwa unaosha nini, wakati sisi hatujajua hata kama kinywa huoshwa?"

Mzee akageuka, akaanza kuelekea kwake. Walimfuata nyumbani. Walikuta kijiti kilichotafunwa ncha, mkaa uliotwangwa, na chini ya kitanda, miiba ya kambare. Ghala likawekwa chini ya Bi Mwanashamba, ambaye hakumwamini hata yeye mwenyewe na kwa hiyo alilala mlangoni. Sikuzani aliwachukua watoto wake. Mhando alipomsogelea kumwomba radhi, alimwambia akasukutue kwanza.

Wakamwomba Mate arudi kazini usiku. Mate alikuwa ameshaujua usingizi. Akakataa.

Na tangu siku hiyo, kila binadamu huamka na harufu ya alichokula, alivyolala au alivyoshinda njaa, na hakuna harufu ya asubuhi inayokubaliwa kuwa ushahidi. Ndiyo sababu mtu huanza kwa maji na mswaki, ndipo amsalimu mwenzake. Lakini wanawake hawakusahau jinsi mwizi alivyopatikana. Mwanamume akirudi jioni na kinywa safi kabisa, wakati chakula bado kiko jikoni, hasifiwi kwa usafi. Huulizwa ametoka kula wapi.