Nyati na Ufuta Unaopukutisha Majani

Hii nilipewa na shangazi yangu Somoe, tukipura ufuta, mie bado nina meno ya utoto. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majembe yao, Nyati na Bi Kindi walilima ufuta, shamba kwa shamba. Nyati alipanda mapema. Bi Kindi alikuwa na watoto wachanga, akachelewa. Sasa chungu kitupu, watoto wanalia, "Mama, njaa!"

Siku moja Nyati akaona majani ya ufuta wake yamegeuka manjano, yanaanguka. Pukupuku! Akachungulia kwa Kindi: kijani tupu! Wivu ukampanda.

"We Kindi! Umeniroga!"

"Mie, baba? Na kimkia hiki?"

"Mbona langu linakufa, lako linameremeta? Tubadilishane! Leo hii!"

Kindi akatupa jicho shambani kwa Nyati. Katika vitumba, vile vifuko vya mbegu, cha chini kabisa kimeshaanza kufunua mdomo. Kesho kutwa vyote vitapasuka, mbegu zimwagike mchangani! Akajibwaga chini.

"Uwii! Mzee Nyati, mabua makavu haya! Wanangu watakula nini?"

"Shauri yako!"

Nyati akaenda zake kwenye kijani. Kindi akafuta machozi ambayo hayakuwepo, akaita watoto. Kata! Funga matita! Simamisha mkekani! Siku ya tatu jua likawaka, vitumba vikaitika: ta! ta-ta-ta! Wakapindua matita, ufuta ukamiminika chwaaa. Wakala mpaka wakasinzia.

Wiki tatu hazijaisha, Nyati huyo, anahema.

"Majani yanaanguka na huku! Na kule kwangu kumeota kijani! Nirudishie!"

Magugu hayo, wajukuu zangu, yameota katikati ya visiki vya ufuta.

"Ah, baba, si tulishakubaliana..."

"Nirudishie, nimesema!"

"Haya, chukua. Ila usinirudie tena."

Kindi akanoa kisu chake.

Siku Nyati alipopita, mdomo umejaa magugu, alimkuta Kindi anapindua matita. Chwaaa! Magugu yakamdondoka.

"Kumbe... yale majani?"

"Ufuta ukishashibisha mbegu zake, baba, majani unayaachia wenyewe. Haufi ule. Umemaliza kazi."

Mavuno yake mawili Nyati kayatoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndiyo hivyo, wanangu: mwenye wivu hujinyang'anya mwenyewe.

Haya, acheni kuchekana. Vuteni shuka, laleni.