Nungunungu Aliyeomba Jembe

Paukwa.

Pakawa.

Nimerudi safarini.

Umetuletea nini?

Miguu yenye vumbi na maneno.

Miguu kaioshe, maneno yamwage hapa.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wanaaminiana, palikuwa na chemchemi ya maji moto iliyoitwa Fukuto. Kando yake palikuwa na pango moja lenye nyasi kavu za kulalia. Pango moja tu la mapumziko, na wanyama ni msitu mzima. Wakakubaliana wakae kwa zamu, wiki kwa wiki.

Wakachonga bao refu. Kila shimo la bao likawa wiki moja ya mwaka. Na kila ukoo uliochimba mfereji wa kuleta maji pangoni ukapewa komwe kumi, zile kete za bao, kwa mwaka. Ukitaka wiki ya masika, unatia komwe tatu. Ukitaka wiki ya baridi kali ya kipupwe, unatia zote kumi, na wiki hizo zilikuwa tatu tu. Tena komwe za mwaka huu hazikulala hadi mwakani. Mwaka ukiisha zinatupwa mtoni, unaanza upya.

Karani alikuwa Bi Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Yeye alikuwa amejiziba kwa udongo ndani ya tundu la mti, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Walimchagua kwa sababu hiyo hiyo: hongo haikupita kwenye ufa.

Siku ya kuweka nafasi ilikuwa moja. Jua likigusa bao, Kanga analia, na mwenye kuwahi ndiye mwenye kupata.

Sasa, Nungunungu alikuwa na mama yake, Bi Nungu. Bi Nungu aliuchimba ule mfereji kwa makucha yake, lakini hakuwahi kuingia Fukuto wakati wa kipupwe hata mara moja. Magoti yake yalikuwa yanakauka. Kila baridi ikipita, anainuka amepinda kuliko mwaka uliotangulia.

"Mwanangu," akasema, "sitaki makubwa. Nataka kuyaloweka haya magoti wiki moja ya baridi, wakati bado yanaweza kunifikisha huko."

"Utaloweka, mama."

Mwaka wa kwanza Nungunungu alifunga komwe zake kumi kwenye jani, akatoka alfajiri. Chaka-chaka, chaka-chaka, miba ikigongana. Njiani ikanasa kwenye kichaka. Akajinasua. Ikanasa tena. Alipofika, Kanga alikuwa amekwisha lia, na Nyani amekaa juu ya bao, mkia unaning'inia. Mashimo yote matatu ya kipupwe yalikuwa yamejaa komwe.

"Yote matatu ni yako?" Nungunungu akauliza. "Umepata wapi komwe thelathini?"

"Kumi zangu. Kumi kaniachia Kiboko, anasema yeye halipii kuoga. Kumi kaniachia Twiga, shingo yake haiingii pangoni. Wiki moja nitaoga mimi na familia. Mbili nitapangisha, anayetaka aje na mihogo." Kisha Nyani akaimba, akipiga makofi:

"Mwenye mbio kala mbivu,
mwenye miba kala vumbi."

Wanyama wakacheka. Nungunungu akachukua wiki ya masika. Mvua ikanyesha siku saba, pango likavuja, na Bi Nungu akarudi nyumbani magoti yamevimba.

Mwaka wa pili Nungunungu akawa mjanja. Alifika siku moja kabla, akakaa mbele ya bao, wa kwanza kabisa. Asubuhi Nyani akaja taratibu, amekunja uso kama mwenye msiba.

"Bwana Nungunungu, hukuambiwa? Mwaka huu hakuna kugusa bao kabla ya kunawa mtoni. Bao limechakaa kwa mikono michafu."

"Na wewe umenawa?"

"Huoni viganja vinavyong'aa?"

Vinang'aa kweli, viganja vya nyani ndivyo vilivyo. Nungunungu akaenda mtoni, akanawa, akasugua hadi kwenye kucha. Msimcheke sana. Mimi niliwahi kupanga foleni tangu asubuhi kwenye mji wa watu, nilipofika mbele nikaambiwa hii ni foleni ya wanaotoka. Basi, akiwa mtoni akamsikia Kanga analia, na baada ya Kanga akasikia makofi:

"Mwenye mbio kala mbivu,
mwenye miba kala vumbi."

Mwaka wa tatu Bi Nungu alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Alimtazama mwanawe akifunga komwe kwenye jani.

"Unakwenda kushindana mbio na Nyani tena?"

"Nifanyeje, mama?"

"Niambie kwanza. Maji ya Fukuto siku hizi yakoje?"

"Machache. Mfereji umejaa tope. Aliyepanga anasema Nyani ndiye wa kulima, Nyani anasema aliyepanga ndiye wa kulima."

"Na masharti ya pango yanasemaje?"

Masharti yale kila mnyama aliyaimba tangu utotoni. Nungunungu akaimba: "Mgeni siku mbili..." Akaishia hapo.

"Na mkia wake?"

"Una mkia?"

Bi Nungu akacheka mpaka miba ikalia. "Mmeimba kichwa miaka yote, mkia mmeusahau. Sisi tuliochimba ndio tuliotunga. Mgeni siku mbili, ya tatu ashike jembe. Asiyeshika, wiki ni ya aliyeshika. Nenda kamuulize karani."

Nungunungu akaenda. Hakukimbia. Alimkuta Nyani ameshajaza mashimo matatu, anaimba. Akampita, akasimama chini ya ufa. "Bi Hondohondo, shikamoo. Masharti yana mkia?"

Mdomo ukatokeza. "Marahaba. Yanao. Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Kipupwe kikaingia. Nyani akaingia Fukuto na mke, watoto, shemeji na mashemeji wa shemeji. Siku ya kwanza wakaoga. Siku ya pili wakaoga. Siku ya tatu, jua likichomoza, wakasikia chaka-chaka, chaka-chaka. Alikuwa Nungunungu, amembeba mama yake kwenye machela ya matete anayoiburuta, na Kanga yuko nyuma.

"Hodi."

"Wiki ni yangu, bwana miba. Hodi ya nini?"

"Naona maji yanakuja kwa kudondoka. Mfereji umeziba."

"Hata mimi naona. Nasubiri mjinga wa kuuzibua."

"Nilime?"

Nyani akamtazama mkewe, akamkonyeza. "Lima."

"Mbele ya Kanga unasema nilime?"

"Lima, baba, lima."

"Basi nipe jembe kwa mkono wako, nisije nikaambiwa nimeliiba."

Nyani akatoka majini, akalichukua jembe lililokuwa limeegemezwa pangoni, limejaa utando wa buibui. Akampa. "Shika. Ukimaliza, nibadilishie na nyasi za kulalia."

Nungunungu akalima. Akatoa tope, akatoa mizizi, akatoa maganda ya mihogo ya miaka miwili. Jua lilipofika utosini, mfereji ukakohoa mara moja, ukakohoa mara mbili, na mara ya tatu maji yakaja kwa kishindo, yanafuka mvuke, yakaingia pangoni.

"Ahsante sana," Nyani akasema, akitaka kurudi majini. "Sasa kwaheri."

Kanga akaruka hadi kwa Bi Hondohondo na kurudi. "Karani anauliza: leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Nani kashika jembe?"

Nyani akatazama mikono ya Nungunungu. Akatazama yake.

"Karani anasema komwe za Nyani zitoke shimoni, za Nungunungu ziingie. Na wiki mbili zilizobaki, kila siku ya tatu, mwenye shimo alime mwenyewe, au alipoteze."

Nyani alikuwa amekwisha kula mihogo ya watu. Ikabidi alime. Wiki ya pili akalima huku Swala amelala majini na wanawe. Wiki ya tatu akalima huku Fisi anamwelekeza: "Hapo umeacha tope, ndugu yangu." Viganja vikatoka malengelenge, vikaacha kung'aa. Na Kanga kila asubuhi juu ya mti:

"Mwenye jembe kala mbivu,
mwenye mbio kala vumbi."

Na Bi Nungu? Siku ile ya tatu aliingia majini kwa kushikwa mkono. Maji yakamfika kiunoni. Akafumba macho, akajizamisha hadi shingoni, mwanawe akaingiwa na wasiwasi.

"Mama?"

"Usiniite. Nimeingojea sana siku hii."

Zamu ilipokwisha, Nungunungu akatandaza machela. Bi Nungu akaitazama, akairuka, akashika njia kwa miguu yake. Chaka-chaka, chaka-chaka, yeye mbele, mwanawe nyuma anaburuta machela tupu.

Funzo letu ni hili: kuwahi si kupata. Cha wote ni cha anayekitunza. Na wimbo wa wazee uimbe mpaka mkiani.

Hadithi yangu nimeilaza hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni, nikailoweke Fukuto.